Je, Wajua? Mchina wa London Aliyezaliwa New York

Wengi waliosoma shule za msingi za Tanzania wanamkumbuka mtu wa mazingaombwe. Alikuja na sanduku lake, mwalimu wa zamu akatangaza mstarini kwamba kesho kila mtoto aje na kiingilio, na kesho yake darasa likageuzwa ukumbi: madawati yamesogezwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, sisi tumebanana sakafuni kama dagaa. Karatasi ikageuka noti mbele ya macho yetu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ndipo mmoja wetu alipouliza: kama anajua kutengeneza noti, kiingilio chetu ni cha nini?

Jibu ni kwamba mazingaombwe ni kazi kama kazi nyingine. Ina nauli, ina wasaidizi wanaotaka kulipwa, na ina vifaa vinavyochakaa. Hilo la vifaa kuchakaa lishike, msomaji, maana tutalirudia. Leo tunamzungumzia mfanya mazingaombwe mmoja aliyetembea na masanduku yake kutoka Marekani hadi Ulaya na Australia, na ambaye karibu kila alichokuwa nacho jukwaani, kuanzia bakuli la maji hadi sura yake mwenyewe, kilikuwa cha mtu mwingine.

JE, WAJUA kwamba Chung Ling Soo, Mchina aliyejaza kumbi za Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, hakuwa Mchina hata kidogo?

Jina lake ni William Ellsworth Robinson. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1861 katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mtu wa jukwaani pia, mwigaji wa sauti na mchekeshaji, kwa hiyo kijana hakulazimika kwenda mbali kutafuta kazi. Akiwa na miaka 14 tayari alikuwa akionyesha mazingaombwe yake mbele ya watu.

Alikuwa na kasoro moja, na kwa mtu wa kazi hii si ndogo: ulimi wake ulikuwa mzito. Mfanya mazingaombwe wa zama zile alitakiwa aongee. Atanie, asimulie, aulize swali huku mkono wa pili ukichomoa njiwa mfukoni. Robinson hakuwa na kipaji hicho. Kipaji chake kilikuwa nyuma ya pazia, mezani penye misumari na gundi. Ukimwonyesha mazingaombwe mara moja, usiku huohuo alikuwa akichora jinsi yalivyofanyika.

JE, WAJUA kwamba kabla ya kuwa Mchina alikuwa Mwarabu?

Katika miaka ya 1880 Mjerumani aitwaye Max Auzinger alibuni kitu kilichowashangaza watu wa Berlin. Jukwaa lote alilifunika kwa mahameli nyeusi, na taa akazielekeza kwa watazamaji badala ya jukwaani, hivyo macho yao yakaingia kiwi kidogo. Yeye alivaa nyeupe. Msaidizi wake alivaa mahameli nyeusi kuanzia utosini hadi kwenye kucha. Mtu mweusi tii mbele ya ukuta mweusi tii haonekani. Akishika kiti cheupe kilichofunikwa kitambaa cheusi kisha akakifunua, kiti kinazuka hewani. Auzinger alijiita Ben Ali Bey, akavaa kilemba.

Robinson alilichukua jambo lote, mahameli na kilemba, akajiita Achmed Ben Ali, akalionyesha Marekani. Hata jina alibadilisha kidogo tu. Usimhukumu haraka, lakini; katika kazi ile kila mtu alimwibia kila mtu, na aliyeibiwa Jumatatu alikuwa akiiba Alhamisi.

Mwizi hodari huajiriwa. Harry Kellar, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa Marekani, alimchukua Robinson kama fundi na msaidizi. Mshindani wake, Alexander Herrmann, naye akamtaka. Kwa miaka kadhaa Robinson alikuwa akihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akiwajengea vifaa na kuzitunza siri zao zote mbili. Mkewe wa jukwaani na nyumbani, Olive Path, aliyejulikana kama Dot, alikuwa mwanamke mfupi sana. Katika kazi ile ufupi ni mtaji: Dot aliingia katika masanduku ambayo mtazamaji angeapa kwamba hayamtoshi hata mbwa.

Kwa wakubwa hao wawili Robinson aliona safari ni nini. Kellar aliwahi kupoteza vifaa vyake vyote mwaka 1875, meli ya Boyne iliyokuwa ikimleta kutoka Amerika Kusini ilipozama katika Ghuba ya Biscay. Alifika nchi kavu na nguo zake na si mengi zaidi. Herrmann kwa upande wake alisafiri kitajiri, ndani ya behewa lake binafsi la reli. Humohumo behewani ndimo alimofia, Desemba 1896, akiwa njiani kutoka onyesho moja kwenda jingine.

JE, WAJUA kwamba Mchina wa kweli alikuwapo?

Jina lake halisi lilikuwa Zhu Liankui, na jukwaani aliitwa Ching Ling Foo. Alikwenda Marekani mwaka 1898 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Omaha, Nebraska. Sheria ya Marekani ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina, na maonyesho yalipokwisha maafisa walitaka kumrudisha kwao pamoja na kikosi chake. Ikabidi lijadiliwe suala ambalo hakuna mtunga sheria aliyelitazamia: mtu anayetoa bakuli la maji hewani ni kibarua au ni msanii? Alikubaliwa kuwa msanii, akabaki, akazunguka miji ya Marekani, na kumbi zikajaa.

Bakuli lenyewe ndilo lililokuwa gumzo. Foo alisimama katikati ya jukwaa tupu akiwa na joho lake pana. Alikunjua kitambaa kikubwa, akakionyesha upande huu na upande ule, akakitandaza mbele yake, akakinyanyua. Chini palikuwa na bakuli kubwa la kauri, limejaa maji hadi ukingoni. Watu wakiwa bado wanashangaa, kitambaa kikapita tena na mtoto akatokea. Hapakuwa na meza, hapakuwa na shimo sakafuni, na maji yalimwagika kweli.

Basi, tuseme siri, kwa kuwa imekwisha kuandikwa mara nyingi. Bakuli lilikuwa limefunikwa kwa kifuniko cha kuzuia maji na kuning'inizwa kati ya miguu, chini ya joho. Foo alitembea nalo. Mwendo wake wa kuburuza nyayo, ambao watazamaji waliudhania ni adabu ya Kichina, ulikuwa ni mwendo wa mtu aliyebeba mzigo mzito mapajani. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu kutembea hatua tano na ndoo iliyojaa katikati ya magoti, huku unatabasamu.

Foo alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayeweza kuiga jambo hilo. Robinson, ambaye alikuwa amekwisha kung'amua kila kitu, alijitokeza. Akakataliwa, zawadi ilikuwa ya kutangaza, haikuwa ya kutoa. Mimi naona hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Mtu aliyekwenda kudai dola 1,000 kihalali akafukuzwa mlangoni, akaondoka na siri mkononi na kinyongo moyoni.

Mwaka huo wa 1898 Robinson alitoa pia kitabu kinachoeleza mbinu za wale waliodai kupokea maandishi ya wafu kwenye vibao vya chokaa. Aliwaumbua mmoja baada ya mwingine, kwa michoro. Mtu huyohuyo, miaka miwili baadaye, aliwaambia watu wa Uingereza kwamba amezaliwa China.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1900 ukumbi wa Folies Bergère wa Paris ulikuwa ukitafuta Mchina wa kuonyesha mazingaombwe kama ya Foo. Robinson alikubali kuwa huyo Mchina. Alinyoa masharubu, akanyoa kichwa, akabandika msokoto mrefu wa nywele nyuma, akapaka rangi usoni, akavaa joho la hariri. Paris alijiita Hop Sing Soo. Alipovuka kwenda London, katika ukumbi wa Alhambra, jina likawa Chung Ling Soo. Tamka majina mawili, Ching Ling Foo na Chung Ling Soo, halafu sema mwenyewe kama hilo lilikuwa la bahati mbaya.

Dot naye akavikwa hariri, akaitwa Suee Seen. Na ule ulimi mzito, uliokuwa umemrudisha nyuma miaka yote, sasa ukawa faida, kwa kuwa Mchina asiyejua Kiingereza hatarajiwi kusema lolote. Robinson alinyamaza, na kunyamaza kukampa heshima ambayo maneno hayakuwahi kumpa.

JE, WAJUA kwamba mkalimani wake wa Kichina alikuwa Mjapani?

Waandishi wa magazeti walipotaka kuzungumza na Chung Ling Soo, walimkuta ameketi kwa utulivu, na pembeni yake yupo Fukado Kametaro, mwanasarakasi kutoka Japani. Mwandishi aliuliza kwa Kiingereza. Kametaro alimgeukia bwana wake. Soo alitoa sauti fulani alizodhani zinafanana na Kichina, Kametaro akatikisa kichwa, kisha akatoa jibu kwa Kiingereza. Mwandishi akaandika, na kesho yake watu wakasoma.

Walichosoma ni kwamba baba yake Soo alikuwa mmisionari wa Kiskoti, mama yake alikuwa Mchina wa Kanton, kwamba aliachwa yatima akiwa na miaka 13 na kulelewa na mchawi mzee aliyemfundisha kazi. Hadithi nzuri sana, na humo ndani lilipita neno moja la kweli: ukoo wake kweli ulikuwa na asili ya Uskoti.

Wakati nao ulimfaa. Mwaka 1900 magazeti ya Ulaya yalijaa habari za uasi wa Mabondia, Wachina waliozizingira balozi za wageni mjini Beijing. Mabondia waliamini kwamba mazoezi na maapizo yao yangezifanya risasi zisiwapenye. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa imani hiyo. Miaka mitano tu baadaye, katika vilima vya Umatumbi, watu walinyunyiziwa maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Soo alilichukua hilo la Mabondia na kulifanya onyesho. Alieleza kwenye mabango kwamba Mabondia walimhukumu kifo, wakampiga risasi, naye akazidaka. Kwa Mabondia na kwa watu wa Umatumbi lilikuwa suala la nchi yao na uhai wao. Kwa mtu wa New York lilikuwa bango la rangi nne.

JE, WAJUA kwamba Foo na Soo walikutana London, na wa bandia akashinda?

Hawakukutana uso kwa uso, na hicho ndicho kichekesho chenyewe. Mwishoni mwa 1904 na mwanzoni mwa 1905 Foo alikuwa ukumbi wa Empire, Leicester Square, na Soo alikuwa ukumbi wa Hippodrome, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Foo alitembea London akaona mabango ya mtu mwenye jina lake nusu, joho lake na bakuli lake. Hasira aliyokuwa nayo tunaweza kuikisia. Alitangaza kwamba Soo hawezi kufanya mazingaombwe yake 10 kati ya 20, na kwamba yeye Foo hawezi kushindwa na lolote la Soo. Aliweka dau la pauni 1,000.

Gazeti la Weekly Dispatch likaandaa pambano ofisini kwake, Januari 1905. Soo alifika na vifaa vyake, akafanya mazingaombwe yake, bakuli la maji likiwemo. Foo hakuja. Alitaka kwanza jambo moja litimizwe: Soo athibitishe mbele ya maafisa wa ubalozi wa China kwamba yeye ni Mchina.

Dai hilo lilikuwa la haki kabisa, na halikumsaidia kitu. Waandishi hawakujali. Walilolitaka ni pambano, na mmoja hakutokea uwanjani. Mkataba wa Foo pale Empire haukuendelezwa, akaondoka. Soo akaendelea kujaza Hippodrome. Wenzake wa fani walijua vizuri kwamba yeye ni Bill Robinson wa Marekani, na baadhi ya magazeti nayo yalijua. Watazamaji hawakutaka kujua, kwa kuwa wao walimpenda Mchina wao jinsi alivyo.

Na kwa haki, walichokuwa wakikiona kilikuwa kazi ya mtu hodari. Soo alirusha ndoana hewani juu ya vichwa vya watazamaji, uzi ukacheza, na samaki wa dhahabu akatokea mwishoni mwa uzi, mzima, akatiwa kwenye bakuli la kioo akaogelea. Suee Seen alitoka ndani ya gamba kubwa la chaza kama lulu. Alichomwa kwa mshale uliofungwa utepe, mshale ukapita hadi upande wa pili, utepe ukabaki umemtoboa, naye amesimama anatabasamu. Kati ya maajabu hayo palikuwa na michezo midogo ya pete na hariri, na yote hayo yalipita bila neno. Mabango yake yalikuwa mengi na mazuri kuliko ya karibu mtu yeyote wa wakati wake. Leo yale yaliyosalia hugombaniwa minadani.

Ratiba ya kazi ilikuwa ya kuchosha. Kumbi za Uingereza zilikuwa na maonyesho mawili kila usiku. Jumapili kikosi kinapanda treni na masanduku yake, Jumatatu kinafungua mji mwingine. Mwaka 1909 alikwenda hadi Australia. Kila afikapo, kabla ya kushuka garini, ilibidi kichwa kiwe kimenyolewa na msokoto uwe mahali pake.

Nyumbani mambo yalikuwa na tabaka zake. Alikuwa amewahi kuoa ujanani na hakumwacha mke huyo kisheria. Dot alikuwa mke wake mbele ya watu na jukwaani. Na katika mtaa wa Barnes, London, alikuwa na mwanamke wa tatu na watoto watatu. Kama ni mazingaombwe, haya ya kuhudumia nyumba moja bila nyingine kuvuruga onyesho la jioni yalikuwa makubwa kuliko bakuli.

JE, WAJUA kwamba kudaka risasi kumewahi kutumiwa kuendeshea ukoloni Afrika?

Tutoke London kidogo. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, mfanya mazingaombwe aliyekuwa amestaafu, aende Algeria. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha Waalgeria kwamba maajabu ya Wafaransa yanayashinda ya mamarabuti, viongozi wa dini waliokuwa wakihamasisha upinzani. Alikuwa na sanduku jepesi ambalo lingeweza kubebwa na mtoto. Akamwita mwanamume mwenye nguvu, akamwambia amemwondolea nguvu zake. Jamaa akavuta, sanduku halikubanduka. Chini ya sakafu palikuwa na sumaku ya umeme iliyowashwa kwa ishara.

Katika safari hiyohiyo, kwa masimulizi yake mwenyewe, alipingwa na marabuti mmoja aliyetaka kumfyatulia bastola. Usiku Robert-Houdin alitengeneza risasi za nta akazipaka masizi zionekane kama za risasi halisi. Moja ilisambaratika mtutuni na yeye akaonyesha risasi ya kweli kati ya meno. Nyingine aliijaza damu, akaifyatua ukutani, na ukuta ukaonekana unavuja damu. Nimesema kwa masimulizi yake mwenyewe kwa sababu hatuna masimulizi ya marabuti.

Turudi kwa Soo. Yeye hakutumia bastola wala nta. Alitumia gobore mbili.

Gobore, kwa asiyelijua, hushindiliwa kwa mbele. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki nyuma, chini ya nyundo. Nyundo ikipiga fataki, cheche inapita katika kitundu, baruti inawaka, risasi inatoka. Chini ya mtutu huwa kuna bomba jembamba la kuhifadhia mdeki.

Jukwaani watazamaji wawili au zaidi waliitwa, wakaweka alama kwenye risasi kwa mikono yao, wakaziona zikishindiliwa. Suee Seen alikuwa ameshazibadilisha. Zilizoingia mtutuni hazikuwa zenye alama. Lakini zilikuwa risasi za kweli, na baruti ilikuwa ya kweli. Kilichomlinda Soo ni kwamba njia ya cheche kwenda mtutuni ilikuwa imezibwa, na cheche ikaelekezwa kwenye lile bomba la mdeki, ambamo mlikuwa na baruti peke yake. Wasaidizi waliovaa kama Mabondia walilenga, bomba la chini likalia kwa kishindo na moshi, na mtutu wenye risasi ukabaki kimya. Soo alitikisa sahani ya kauri mbele ya kifua, risasi zenye alama zikalia juu yake. Tangu gobore zishindiliwe, mdeki haukurudishwa kwenye bomba lake, na hapakuwa na mtazamaji aliyeuliza kwa nini.

Onyesho likiisha, mtutu bado umejaa. Njia ya salama ni kuufyatua mahali penye usalama, au kuing'oa risasi kwa mbele kwa chombo chenye ncha ya parafujo. Soo hakupenda kupoteza baruti na risasi. Yeye alifungua parafujo iliyoziba sehemu ya nyuma ya mtutu, akatoa vyote, akafunga tena. Kila alipofungua na kufunga, hesi zililika kidogo. Mwaka baada ya mwaka, chembe za baruti laini zilijipenyeza pale ambapo ufa usingeonekana kwa jicho.

Jumamosi tarehe 23 Machi 1918, ukumbi wa Wood Green Empire, kaskazini mwa London, onyesho la pili la usiku. Gobore zikalia. Katika moja, cheche ilifuata njia mbili: ya bomba na ya mtutu. Risasi ilimpiga Soo upande wa kulia wa kifua na kutokea mgongoni. Alipepesuka. Kisha Mchina aliyenyamaza karibu miaka 18 akasema kwa Kiingereza safi, Kiingereza cha Marekani, kwamba kuna jambo limetokea na pazia lishushwe. Wapo watazamaji waliodhani hilo nalo ni sehemu ya mchezo.

Alifariki hospitalini asubuhi iliyofuata, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 57.

Uvumi ulianza kabla hajazikwa. Ameuawa na mke mwenye wivu. Amejiua kwa ajili ya madeni. Ni Wajerumani, maana vita vilikuwa havijaisha. Mbele ya mchunguzi wa vifo ilibidi Dot aseme hadharani yale ambayo kikosi kizima kilikuwa kimeapa kutosema: risasi hubadilishwa vipi, na bomba la mdeki lina kazi gani. Mtaalamu wa bunduki, Robert Churchill, alizifungua gobore akaonyesha palipolika. Uamuzi ukawa kifo cha ajali. Kwa bei ya baruti ya wakati ule, alichokuwa akikiokoa kila usiku kilikuwa senti chache. Wahenga wetu husema rahisi ni ghali, lakini sidhani walikuwa wakifikiria ughali wa kiasi hicho.

JE, WAJUA kwamba kifo hicho huenda kilimwokoa Houdini?

Harry Houdini, aliyelichukua jina lake kutoka kwa yuleyule Robert-Houdin wa Algeria, alikuwa rafiki wa Robinson. Baada ya ajali ya Wood Green alipata wazo la kudaka risasi yeye mwenyewe. Kellar, bwana wa zamani wa Robinson, wakati huo mzee aliyestaafu, alimwandikia barua akimsihi aachane na jambo hilo. Houdini, ambaye hakuwa na mazoea ya kusikiliza mtu, alimsikiliza.

Robinson alizikwa East Sheen, London. Ching Ling Foo aliishi miaka minne zaidi, akafariki 1922.

Mwaka 2006 ilitoka filamu ya Christopher Nolan iitwayo The Prestige, inayohusu wafanya mazingaombwe wa London wa miaka ya 1890. Mwanzoni kuna mzee wa Kichina anayetoa bakuli lenye samaki chini ya joho, na baada ya onyesho anatembea kwa kujikongoja hadi kwenye gari, ili asishukiwe mwendo wake akiwa jukwaani. Aliyeigiza ni Mchina kweli. Bakuli ni la Foo, na mwendo ni wa Foo. Ukipata nafasi itazame hadi mwisho, usome majina yanapopanda: mzee huyo ameandikwa Chung Ling Soo.